Fundi Chengo Alinihesabia Nne

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa ajili ya treni. Chumba chetu cha kurekodia kilikuwa Changamwe, nyuma ya duka la magodoro, hatua chache kutoka relini, na kila treni ya mizigo ilipopita kwenda bara ilitubidi tunyamaze wote, waimbaji na wapigaji, mpaka behewa la mwisho lipite na kuta ziache kutetemeka. Fundi Chengo hakuwahi kuikasirikia treni. Alikuwa akikaa na gitaa lake mapajani, kichwa amekiinamisha, akiingoja kama unavyomngoja mgeni amalize kunawa mikono. Siku ile treni ikapita, kimya kikarudi, naye akaweka kidole juu ya kitufe cha mashine, asibonyeze. Akaniuliza swali alilomuuliza kila mwimbaji aliyeingia mle.

"Saidi, wimbo huu una wenyewe?"

Nikasema ni wangu.

Nitakueleza yote, na nitakueleza nikiwa na hasira, kwa hivyo nivumilie. Tumemzika Fundi Chengo juzi, huko Junda, na hasira niliyotoka nayo makaburini haijapoa. Nimevuka nayo feri, nimelala nayo, nimeamka nayo hapa nyumbani Shika Adabu. Sikusoma sana. Mkono wangu ni wa kubeba saruji kuliko wa kushika kalamu. Lakini uongo sitaandika. Niliwahi kusema uongo mmoja, ukanitosha umri mzima.

Kwanza umjue mtu mwenyewe. Kijana wa leo ukimuuliza Fundi Chengo ni nani atakwambia hamjui, na huku anamsikia kila siku, maana nusu ya nyimbo za zamani zinazopigwa kwenye harusi za mwambao huu zina gitaa lake ndani, na mwimbaji ndiye aliyebeba jina. Jumamosi ungemkuta Likoni na kikundi cha taarabu, gitaa likijibizana na fidla kana kwamba wamenyonya ziwa moja. Jumapili asubuhi yuko Changamwe kanisani, na kwaya ya Wakamba wafanyao kazi bandarini, na kina mama wanatoa leso wapanguse macho kwa sababu gitaa limewarudisha Machakos. Jioni yake vijana waliotoka kule ziwani, wafanyakazi wa kiwandani, wanamtaka awapigie benga, naye anawapigia mpaka wanamuuliza mama yake ni wa Siaya au wa Homa Bay. Mama yake alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, muuza mahindi ya kuchoma. Rumba, chakacha, sengenya ya Wadigo, mwanzele ya kwao. Kidole gumba chake kilikuwa kikijua njia ya kila nyumba.

Na kupiga haikuwa kazi yake kubwa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuzitengeneza nyimbo za wenziwe. Maikrofoni zilikuwa mbili tu, basi alichora sakafuni kwa chaki pahali pa kila mtu: mwenye sauti nene hapa, mpiga ngoma kule pembeni, mimi mwenye sauti nyembamba mbele kidogo. Ukitoka kwenye alama yako hata nusu hatua, alijua bila kuinua macho. "Saidi, rudi kwako," husema. Mwimbaji aliyejitia kulia alimwambia, "Wewe acha kulia, yakhe. Wimbo utalia wenyewe." Kisha alihesabu kwa kisigino, polepole, moja, mbili, tatu, nne, na ole wako usiingie. Alikuwa na neno lake: "Ukihesabiwa nne, ingia. Ukichelewa, wimbo umekwenda."

Sasa sikia ada yake, maana ndiyo iliyoniumbua. Fundi Chengo hakurekodi wimbo wa watu bila kwenda kwa watu hao. Akisikia kuna mzee Utange au Kaloleni ana wimbo, alinunua kilo mbili za sukari na majani ya chai, akaenda akabisha hodi. Akakaa. Akanywa chai yao. Akauliza wimbo ni wa nani, huimbwa lini, na lini hauimbwi. Akiambiwa huu hautoki nyumbani, alishukuru, akalifunika gitaa lake, akaondoka. Sukari aliiacha. Zile alizoruhusiwa alizirekodi, na kanda zake aliziweka kwenye rafu juu ya dirisha, kila moja imeandikwa jina la nyumba ilikotoka. Aliniambia mara moja, na hakuwa mtu wa kujisifu, "Rafu hii ikijaa, Saidi, nitakuwa nimefanya jambo."

Tuliwahi kumcheka kwa safari zake. Tulimwita Bwana Sukari. Alituambia, "Nyinyi mnaimba tu. Mimi ndiye ninayebonyeza. Anayebonyeza ndiye anayejibu."

Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mchana napakia magunia ya saruji kiwandani, jioni naimba. Sauti nilikuwa nayo, sitajidai unyenyekevu leo. Lakini wimbo wangu mwenyewe sikuwa nao. Kila mtu aliyesimama kwenye chaki alikuwa na wimbo uliomtambulisha, ila mimi. Wivu ulinila, mwanangu. Wivu wa msanii haufanani na wivu wa mume. Mume huweza kuhama nyumba.

Mwenzangu mmoja wa kazini akafiwa na baba yake huko Utange, tukaenda kumfariji. Kulikuwa na bibi mmoja, Hawe Jumwa. Hawe kwa Wagiriama ni nyanya, nasi sote tukamwita hivyo. Alikuwa mwembamba, meno mawili mbele hana, na wote walimngoja yeye kabla ya kilio kuanza. Alipofungua kinywa, wanawake walizilaza kayamba zao chini. Wimbo ule haukupigiwa kayamba wala ngoma. Walijigonga vifua kwa viganja, taratibu, na kuimba. Kwa Kiswahili maneno yake yalikuwa haya tu:

*Katana, mlango sikuufunga,*
*sima yapoa, njoo ule.*
*Katana, jua latua,*
*mbuzi wamerudi peke yao.*

Nikamuuliza mwenzangu, Katana ni nani? Akanambia ni mtoto wake Hawe. Alitoka asubuhi kuchunga, akaumwa na nyoka, na mbuzi wakarudi jioni bila yeye. Alikuwa na miaka minane. Mama mtu akautunga wimbo siku ile ile, na tangu hapo kila kilio cha miji ile kilifunguliwa kwa wimbo huo, kwa sababu, alisema mwenzangu, "kila aliyekufa ni mtoto wa mtu."

Mimi nilisikia maneno hayo. Nilikuwa na masikio mawili na yote yalikuwa mazima. Na bado nilirudi Likoni nikiupiga mluzi ule wimbo. Juma lile lote nikiwa kwenye saruji nikaupinda. Katana nikamtoa, nikamweka Zuhura. Mbuzi nikawafukuza, nikatia manukato. Mlango uliokuwa wazi kwa maiti nikaufanya wazi kwa mpenzi. Nikautia mwendo wa chakacha, ngoma ya harusini. Ulikubali, mwanangu! Hilo ndilo liniudhilo mpaka leo, kwamba ulikubali. Wimbo mzuri ni kama mtoto mchanga, mtu yeyote akimbeba hatapiga kelele.

Basi tumefika pale kwenye kitufe. Nikasema ni wangu. Fundi Chengo hakubonyeza.

"Ladha hii naijua," alisema. "Hii ni ladha ya kilioni."

"Ah, Fundi! Mimi mwana wa Likoni, vilio vya Wagiriama nitavijulia wapi?"

"Nakuuliza mara ya pili. Una wenyewe?"

"Wallahi, Fundi. Ni wangu."

Wallahi. Nilimtaja Mola wangu juu ya kitu cha wizi, mchana kweupe, treni ikiwa ndiyo kwanza imepita. Mpiga ngoma akacheka, "Mwache kijana naye apate wake, Bwana Sukari!" Fundi akanitazama kitambo. Kisha akabonyeza. Kisigino kikahesabu, na kwa ule wimbo akapiga gitaa ambalo hakuwahi kulipiga kabla yake wala baada yake. Wapigaji wa gitaa wanaojua kazi hulisimulia mpaka sasa. Lilikuwa likizunguka sauti yangu kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kupapasa. Alikuwa akiomboleza, mwanangu. Mkono wake ulijua kilichokuwa ndani ya wimbo, ijapokuwa mimi nilikuwa nimekifukia.

Sahani ya santuri ikatoka, na jina langu juu, na chini yake, "Mtengenezaji: Fundi Chengo." Wimbo ukashika. Kila harusi ya Kisauni na Likoni ilikuwa na Zuhura. Nilinunua suruali mbili nyeupe. Watoto waliniita Zuhura barabarani, nami nikageuka kwa furaha.

Miezi mitatu baadaye, asubuhi, tukiwa tumejipanga kwenye chaki zetu, tukasikia hodi. Alikuwa Hawe Jumwa, na binti yake Mbeyu, msichana wa miaka ishirini hivi. Walitoka Utange alfajiri. Bibi alikuwa peku, viatu ameshika mkononi, vumbi mpaka magotini.

"Karibu, Hawe. Karibu ukae," Fundi alisema, akainuka.

"Sikuja kukaa." Alizungusha macho akatutazama mmoja mmoja, watu sita. "Juzi harusi imepita mlangoni kwangu. Gari lina spika. Watu wanakata viuno. Nikasikia mwanangu anaimbwa. Jina lake wamemvua, wamemvisha la mwanamke. Nimeuliza wimbo umetoka wapi, nimeelekezwa hapa. Nami nauliza neno moja tu. Ni nani aliyemchezesha mwanangu?"

Fundi Chengo akanigeukia. Nilimwona akielewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyefungua mlango akaona nyumba imeibwa. Kisigino chake kilianza kugonga sakafu. Polepole. Moja.

Nilijua anafanya nini. Wote mle ndani tulijua. Mbili.

Niliangalia chaki miguuni mwangu. Nilifikiria suruali zangu nyeupe. Nilimfikiria mwenzangu wa kiwandani, ambaye sasa angejua kwa hakika ni mimi niliyemwibia kilioni kwa baba yake. Tatu. Niliomba treni ipite. Niliiomba kwa moyo wote, ipite, ifunike chumba kizima kwa kelele. Haikupita.

Nne.

"Ni mimi, Hawe," akasema Fundi Chengo. "Jina langu liko kwenye sahani, mtengenezaji. Mimi ndiye niliyebonyeza."

"Wewe?" Sauti ya bibi ikavunjika hapo, si kabla. "Wewe Chengo mwana wa kwetu? Uliyekunywa chai kwa jirani zangu?"

"Ndiyo, Hawe."

"Basi mkono wako usiingie tena kwenye miji yetu. Na siku yako ikifika, hatutakuimbia."

Akatoka. Mbeyu alibaki nyuma kidogo. Sahani yetu ilikuwa juu ya meza, jina juu. Akaigeuza kifudifudi, akamfuata mama yake.

Wenzangu wakajifanya wana shughuli na nyuzi na ngoma. Fundi akakaa. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja mimi, lingekuwa neno langu. Lilitakiwa liwe lako."

"Niliogopa, Fundi."

"Najua. Mimi nami nina langu. Niliitambua ladha ya kilio, na nikabonyeza kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu. Hilo nitalijibu mimi. Lako sitalijibu, nitalibeba tu mpaka uje ulichukue." Kisha akasema jambo lililonikata: "Una sauti nzuri, Saidi. Lakini mkono wangu hautaiamini tena." Akachukua kitambaa akaifuta chaki yangu sakafuni.

Wahenga wana neno: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wanalisema ili kumsifu mwoga kwa kuponea. Kwangu mimi neno lile linanuka. Kicheko kilikuja kwangu kweli, na harusi, na suruali. Kilio kilikwenda kwa Chengo.

Alijaribu kuzuia wimbo usichapishwe tena. Lakini wauza kanda walikuwa wakizinakili kila kona, na maji yakishamwagika hayazoleki. Alikwenda Utange na sukari yake. Ilirudishwa. Akaenda tena mwezi uliofuata, ikarudishwa mlangoni, mfuko haujafunguliwa. Mwanangu, ukirudishiwa sukari katika mwambao huu, umeshazikwa ungali wapumua. Habari ikatembea kutoka mji hadi mji kuwa Chengo ni mwizi wa vilio na mimi niliimba tu nilichopewa, na milango aliyoifungua kwa miaka kwa subira na adabu ikafungwa yote ndani ya msimu mmoja. Rafu ile juu ya dirisha haikuongezwa kanda tena. Wazee wenye nyimbo wakafa mmoja mmoja, na nyimbo zao wakaondoka nazo. Nani aliyezipoteza? Usimtafute mbali. Ndiye huyu anayekuandikia.

Yeye aliendelea na kazi. Alizitengeneza kwaya, alizitengeneza bendi za hotelini, alipiga gitaa la matangazo ya sabuni, alifundisha, alizeeka. Tulipokutana alinisalimu kwa heshima kila mara, "Saidi, habari za nyumbani?" Ningependa angenitukana. Miaka karibu arobaini alinisalimu. Hawe Jumwa akafa katikati ya miaka hiyo, akiamini alichokiamini. Nilisikia habari ya msiba wake nikiwa kwenye feri, na sikushuka kwenda. Methali yasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Yangu ilikuwa ndefu, na niliitembea yote, kila siku, nikijua nyumba ya kwenda iko wapi.

Alipougua mwaka jana nilikwenda kumwona. Nikamwambia, "Fundi, nikaseme?" Akafunga macho. "Mimi nilishahesabu," alisema. "Mara ya pili hujihesabia mwimbaji mwenyewe." Nikarudi nyumbani. Ndiyo, hata hapo nikarudi nyumbani! Nikasema juma lijalo. Huyu ndiye mzee anayekunasihi, umtazame vizuri.

Juzi basi. Kilio kilikuwa Junda nyumbani kwake, saa nane mchana, jua kali. Waimbaji wakubwa walikuja na miwani ya jua. Waliokuwa hawajamtembelea hata kwa glasi ya maji walishika maikrofoni wakamwita baba. Mtu mmoja wa siasa akasalimu wapiga kura kuliko alivyomsalimu maiti. Na wanawake wa Utange nao walikuja, kwa kuwa kilio hakisusiwi. Walikaa kwenye mikeka ubavuni mwa jiko, kayamba mapajani, na Mbeyu mbele yao, nywele zake nyeupe pe. Wakakaa kimya. Muda wa kuimbiwa marehemu ukafika, wazee wakawatazama, wao wakatazama chini. Kila Mgiriama pale alielewa. Mtu alikuwa anakwenda kuzikwa bila kuimbiwa, kama mwizi, mbele ya watoto na wajukuu zake. Mjane wake alijifunika kanga usoni.

Jamaa wa marehemu walikuwa wamekodi kijana mwenye spika na kompyuta. Akaona kimya kimezidi, naye amelipwa asikiache kikae. Akaweka wimbo. Zuhura. Ameuongezea ngoma za siku hizi, dumu dumu, mpaka bati za nyumba zikalia. Na vijana wakainuka, wakaanza kukata viuno hatua tano kutoka kwenye jeneza. Ule wimbo niliouiba kilioni ukarudi kilioni, nao umerudi ukicheza. Na ndani ya zile kelele gitaa la Chengo lilikuwa bado likipapasa, likitafuta.

Nikamwendea yule kijana.

"Zima."

"Shikamoo mzee. Wasemaje?"

"Nimesema zima."

"Mzee wangu, si ni ngoma ya marehemu mwenyewe? Tunamuenzi. Ona watu walivyochangamka!"

"Anayeimba hapo ni mimi."

Akacheka mpaka akashika meza. "Wewe? Wacha zako, babu!" Msichana mmoja akadakia, "Mwacheni, mnazi wa hapa ni mkali." Sijaonja tembo la mnazi maisha yangu. Nikainama, nikaukamata waya, nikauchomoa.

Kelele zilizonipata! "Mzee kawa wazimu!" "Mtoeni!" "Mchawi huyo!" Nikasimama karibu na jeneza. Hakuna aliyenipa maikrofoni. Nikagonga kisigino changu kwenye vumbi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nikasema, "Mimi ni Saidi wa Shika Adabu. Wimbo huu niliuiba Utange, kwa Hawe Jumwa. Fundi aliniuliza mara mbili, nikamwapia. Hawe alipokuja kuuliza, nilikuwepo nikanyamaza, na Fundi akajitwika. Hakuiba. Miaka yote hii mmemfungia milango mtu asiye mwizi. Mwizi ni mimi."

Mbeyu akainuka. Watu wakampisha. Akaja mpaka nikauona weusi wa macho yake.

"Nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa ukitazama chini."

"Ndiyo, mama."

"Mama yangu amekufa akimlaani huyu."

"Najua."

"Na nyumba yetu uliijua."

"Naijua mpaka leo."

Nilingoja anipige. Laiti angenipiga. Alinitazama kama unavyotazama kitu kilichookotwa ufukoni, kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Yeye tutamwimbia. Wewe, siku yako ikifika, tutatazama."

Akarudi, akaketi. Wanawake wakalaza kayamba chini. Viganja vikaanza kugonga vifua. Na Mbeyu akaanza, *Katana, mlango sikuufunga*, na kwa mara ya kwanza tangu nilipomvua, nikamsikia yule mtoto akiitwa kwa jina lake hadharani, na mbuzi wake wote wakarudi. Mjane akaishusha kanga. Fundi Chengo akashushwa kaburini akiimbiwa.

Yule kijana wa spika alikuwa amesimama ubavuni mwangu. Nikamwona ameinua simu arekodi. Nikamshika mkono. "Kaulize kwanza," nikamwambia. Akaishusha. Sijui kama alielewa au aliogopa macho ya kina mama. Nilimwona baadaye, watu wakitawanyika, amechuchumaa karibu na mkeka wa Mbeyu, kofia mkononi. Walichoambiana sikukisikia, wala hakinihusu.

Sasa, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na usiichukue kwa upole kwa sababu siitoi kwa upole. Nyinyi siku hizi mnaweza kukata gitaa la maiti kwa kidole kimoja, mkalitia chini ya sauti zenu, na usiku huo huo likasikika dunia nzima. Hakuna treni ya kuwanyamazisha mfikiri. Basi jiulizeni wenyewe, kila mara, kabla ya kidole kushuka: kitu hiki kina wenyewe? Na kama wapo, nenda. Bisha hodi. Nunua sukari. Ukiambiwa hakitoki, kiache, hata kama ni kitamu, hasa kama ni kitamu. Ukishakosa, na utakosa, kwa kuwa umezaliwa na mwanamke, usimwachie mwema akubebee. Mtu mwema akikubebea aibu yako, haimpungukii uzito kwa kuwa yeye ni mwema. Humvunja mgongo kama ambavyo ingemvunja mwingine yeyote, ila hapigi kelele, na wewe unajidanganya kuwa hana mzigo.

Wanasema majuto ni mjukuu. Majuto ni mwana wa kumzaa. Analala kitandani mwako tangu siku ile ile, na anakula nawe. Usikubali kumzaa. Ukiulizwa, jibu. Ukihesabiwa nne, ingia hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utapoteza suruali zako nyeupe. Mimi niliingia nikiwa nimechelewa miaka arobaini, na wimbo niliuokoa, lakini rafu ya Chengo itabaki nusu tupu mpaka Kiyama.

Mola akupe kidole kizito cha kubonyeza na ulimi mwepesi wa kukiri. Akujaalie mwalimu wa kukuhesabia, na akujaalie umsikie. Milango utakayobisha ifunguliwe, na sukari yako ipokelewe. Na siku yako itakapofika, mwanangu, iwe mbali, wawepo watu wasiohitaji kuulizwa mara mbili, walaze kayamba zao chini, wakuimbie kwa jina lako.